Viwavijeshi: Tazama Mmea Kabla ya Kubeba Bomba

Maharage yangu yanaliwa na viwavi. Ni viwavijeshi?

Sio. Hapa namzungumzia kiwavijeshi wa Afrika, naye hagusi maharage.

Jumatatu malisho yalikuwa safi, Jumatano yamejaa viwavi weusi. Wameanguka na mvua?

Swali hili hurudi kila masika. Walioletwa na mvua ni mama zao. Hao ni nondo, jamii ya vipepeo, nao husafiri usiku na upepo, mamia ya kilomita, na upepo wa dhoruba huwakusanya mahali pamoja. Wanataga, mayai yanaanguliwa baada ya siku chache, na vitoto vya kijani vinakula kimyakimya. Wakisongamana ndipo wanageuka weusi wenye michirizi ya njano. Jumatatu walikuwepo, wewe ndiye hukuinama.

Wanakula mimea gani hasa?

Nyasi na jamaa zake: ukoka, ndago, mahindi, mtama, uwele, mpunga, ngano. Mihogo na kunde huzipita kama hawazioni. Mahindi yakibaki vijiti huku kunde zikiwa nzima kando yake, umeshajibiwa. Kagua na nyasi changa za pembezoni, maana mara nyingi wakizimaliza hizo huandamana kuingia shambani.

Si ndio hawa waliotuvamia 2017?

Siyo, na nimeshachoka kusema. Yule ni kiwavijeshi vamizi: alitoka Amerika, akaripotiwa Afrika mara ya kwanza 2016. Hujificha ndani ya moyo wa mhindi, ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na hachagui nyasi tu.

Mtego wangu umenasa nondo wengi. Nimepona?

Mtego wa harufu hunasa madume tu. Hiyo ni kengele, si dawa. Anza kukagua majani kesho.

Nimepuliza dawa, siku mbili wametoweka wote. Niwashauri na majirani?

Hata ungepuliza maji wangetoweka. Kiwavi aliyeshiba huingia ardhini sentimita 2 au 3 akawe pupa (hatua ya kugeuka nondo), fukua uone. Sehemu kubwa ya ulaji hufanyika siku zake za mwisho, kwa hiyo ukipuliza wakati huo umenunua sumu ya kumwagia mabua. Wale wanaoning'inia kwenye ncha za majani, wamelegea na kuvuja, wameuawa na kirusi. Waache, wanaambukiza wenzao bure.

Ng'ombe warudi lini kwenye ukoka ulioliwa?

Usiharakishe. Ng'ombe wamewahi kufa kwenye malisho yaliyotoka kushambuliwa, na machipukizi ya ukoka yanashukiwa kuwa na sumu ya sianidi. Subiri nyasi zikomae kidogo. Kama ulipuliza, soma kwanza kibandiko cha chupa.