Mpira wa tairi kwenye zege: pima kwa ujazo

Unauliza kama unaweza kuondoa nusu ya kokoto uweke vipande vya tairi. Kwa nguzo, mihimili au slebu, usithubutu. Mpira hulegea chini ya mzigo na saruji haiushiki vizuri, kwa hiyo nguvu inaporomoka. Kokoto zote zikibadilishwa, zege linaweza kupoteza zaidi ya robo tatu ya nguvu zake.

Kwa njia ya miguu au vitofali vya uani inawezekana. Acha kokoto zilivyo, badilisha asilimia 10 ya mchanga kwa chembe za mpira za milimita 1 hadi 4, zisizo na waya wala nyuzi. Pima kwa ujazo! Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa 1:2:3 (saruji, mchanga, kokoto) unakula mchanga lita 70 hivi, basi toa lita 7, weka lita 7 za mpira, ambazo ni kama kilo tatu na nusu tu. Ukipima asilimia hiyo kwa kilo, kwa kuwa mpira ni mwepesi kuliko mchanga, utajikuta umemimina karibu lita 20, na tofali litavunjika mkononi.

Osha mpira kwanza, vumbi na mafuta vitoke. Wengine huuloweka kwenye maji ya kostiki (magadi makali yanayounguza ngozi) dakika 20 na kuusuuza sana (glavu lazima). Changanya vitu vikavu kwanza, maji baadaye. Kuongeza maji kwa sababu mchanganyiko ni mzito ndilo kosa kubwa. Vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikane) nayo kidogo tu: ukizidisha, mpira unapanda juu kama povu.