Jibu: Fensi ya mashine ya meza, niagize au nichomeleshe Nyakato?

Mkuu, umeuliza uagize fensi mpya (ile kingo ya kuongozea mbao kwenye msumeno wa meza) au uchomeleshe kwa mafundi wa Nyakato, maana ile ya mashine inayumba mkia, yaani ncha ya nyuma, ukiifunga. Kuchomelesha inawezekana. Mtindo wa Biesemeyer, aina mojawapo ya fensi, ni engo (chuma cha pembe) mbele na skwea paipu juu ya meza, basi. Ila moto wa welding unapinda chuma. Kama huna fundi wa kukinyoosha tena, agiza.

Kabla ya kulipa, pima. Plaiwudi ina upana wa milimita 1220, kwa hiyo ukitaka kuipasua katikati reli, chuma ambacho fensi inateleza juu yake, ikupe milimita 610 kulia kwa msumeno. Matundu ya reli mpya huenda yasilingane na meza yako, jiandae kutoboa upya.

Kwenye kufunga ndiko watu wanaharakisha. Chomoa plagi, anza na msumeno wenyewe: tia jino moja chaki, lipime toka mfereji wa meza (ule unaokwenda sambamba na msumeno) likiwa mbele, lizungushe nyuma upime jino lilelile. Vipimo vikitofautiana, nyoosha hapo kwanza. Halafu fensi uilinganishe na mfereji huohuo. Mkia ukikaa mbali na msumeno kwa unene wa karatasi, sawa. Ukibana kuelekea msumeno, mbao itakurudia tumboni, na mninga ni mzito.