Homa ikishuka usiache dawa, mimi niliacha

Ilikuwa Julai, ile Julai ya Nairobi ya kuvaa masweta mawili ndani ya nyumba. Nilikuwa nimetoka ushago Busia kwa matanga ya mjomba, tulikesha nje karibu na moto siku nne na neti hata sikukumbuka, nikarudi Umoja nikakaa kama siku 12 niko fiti kabisa. Halafu jioni moja ndani ya matatu nikaanza kutetemeka, nikasema aah ni baridi tu, si kila mtu anatetemeka. Kufika usiku kitanda kinacheza.

Sikupimwa. Nilimtuma kijana wa jirani kwa chemisti akaniletea AL, ile dawa ya malaria, zile tembe za manjano 24, nikameza nne na strungi, tumbo tupu. Siku ya pili usiku nikatoka jasho, homa ikaisha, njaa ikarudi, nikajiona nimepona. Tembe 8 zilizobaki nikaweka kwa rafu juu ya gesi, eti za safari ijayo. Wiki tatu baadaye nilikuwa chini tena, na safari hii mbaya zaidi.

Daktari wa kliniki, mdada mpole hivi, aliniuliza vitu viwili tu: ulimaliza? na ulimeza na nini? Akataka damu iangaliwe kwa hadubini, kile kipimo cha haraka akakiacha, maana kinaweza kusema uko na malaria wiki kadhaa hata kama vimelea vilishakufa. Vyangu vilikuwa hai.

Alivyonieleza ni hivi. Homa inapanda vimelea vikipasua chembe nyekundu za damu, karibu kila saa 48, so katikati unaweza kusikia nafuu na bado viko ndani. AL ni dawa mbili: ya kwanza, ya jamii ya artemisinini, inapiga haraka lakini inatoka mwilini kwa saa chache tu, halafu lumefantrini inabaki siku kadhaa ikifagia masalio. Mimi nilimwacha mfagiaji nusu njia, na hata huyo hakuingia vizuri kwa sababu anataka mafuta na mimi nilimpa strungi.

Kilichonishangaza zaidi ni mambo ya joto. Kimelea kikichomwa na homa ya digrii 40 kinawasha mitambo ya kujikarabati, na mitambo hiyo inafanana sana na ile kinayotumia kujikinga na artemisinini. Sasa tafadhali mtu asinitoe hapo akaanza kucheza na joto la mgonjwa, hiyo ni maabara. Panadol inapunguza joto na maumivu, vimelea haiviui, na mimi homa kushuka ndio nilikuwa naita kupona.

Usugu wenyewe, yaani vimelea kuzoea artemisinini, si hadithi ya mbali. Ulianzia Kambodia, sasa vimelea vyenye mabadiliko ya jeni ya K13, yale yanayovipa usugu huo, vimeonekana Rwanda na Uganda, na Uganda kutoka kwetu Busia ni kuvuka geti tu. Wazee wanakumbuka klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, ilivyokuwa inawasha mwili mzima. Kenya iliiacha 1998, ikaja Fansidar, hiyo nayo ikachoka, 2004 wakachagua AL.

Kwa hivyo sasa napimwa kwanza. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, naweka alamu hata kama ni saa kumi usiku, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Nameza na maziwa, parachichi, ama chapati ya jana. Nikitapika muda mfupi baada ya kumeza narudi kuuliza, na siku ya tatu ikipita bado nachemka narudi pia. Dawa zisipite digrii 30, so juu ya gesi ama dashibodi ya gari hapana.

Kliniki walinibadilishia dawa, mara moja kwa siku, siku tatu, nikamaliza zote. Zile 8 nilizirudisha kwa chemisti. Wiki iliyopita shangazi amepiga kutoka Busia, mtoto anachemka, kama niko na zile zilibaki nimtumie na basi la usiku. Nikamwambia shangazi, mpeleke kwanza kwa yule mama wa afya wa kijiji amtoboe kidole.