Mtoto akitaka kucheza raga au ndondi, kocha ndiye wa kuangalia kwanza

Wazazi wengi hapa Walukuba, Jinja, wananiuliza, eti Baba, huyu kijana amekazana anataka raga, nimuache acheze ama nimkatalie? Wananiuliza mimi kwa sababu mwanangu anacheza raga shuleni na mpwa wangu anapiga ndondi kule Naguru, Kampala, na mimi nimesimama pembeni ya viwanja miaka mingi sasa. Jibu langu huwa ni moja: usiniulize mchezo gani, niambie kwanza nani anawafundisha na mtoto akigongwa kichwa huyo mtu anafanya nini.

Maana kuumia watoto wataumia, hilo tusidanganyane. Kwenye raga majeraha mengi yanatoka pale mtu anapomkaba mwenzake kumwangusha, bega linachomoka, kidole kinavunjika, goti linavimba. Lakini mfupa ukivunjika unajua, mtoto analia, unampeleka hospitali, anawekwa plasta, anakaa nyumbani anapona. Kichwa ndio kinanitisha mimi, kwa sababu hakionyeshi kitu. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu, hakuna damu, hakuna uvimbe, hata ukimpiga picha ya CT inaweza kutoka safi kabisa na bado mtoto yuko na shida. Na wengi hawazimii! Wazazi wanafikiri kama hakuzimia basi hakuumia, hapana jamani. Angalia kama kichwa kinamuuma, ana kizunguzungu, mwanga unamsumbua, anakuuliza kitu kile kile mara mbili mara tatu, anakasirika ovyo, darasani hashiki kitu. Akitapika tapika, akipata degedege, akiwa mzito kuamka, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, au maumivu yakizidi tu badala ya kupungua, hapo usingoje asubuhi, mpeleke hospitali usiku huo huo.

Sasa hatari kubwa ni kugongwa mara ya pili kabla ile ya kwanza haijapona. Haitokei sana, lakini ikitokea ubongo unavimba haraka na mtoto anaweza kufa, na wanaopatwa wengi ni vijana wadogo. Ndiyo maana World Rugby, shirikisho la raga la dunia, wana sheria kwamba ukishuku tu ubongo umetikisika, mchezaji anatoka na harudi uwanjani siku hiyo, na kwa wasio wa kulipwa ni siku 21 angalau kabla ya kucheza mechi tena. Siyo "anywe maji kidogo arudi". Nimewahi kuona kwa macho yangu kijana ameyumba kama mlevi halafu kocha wake, shule sitaitaja, akamwagia maji kichwani akamrudisha kwa sababu zilibaki dakika chache na walikuwa wanashinda. Kocha kama huyo mimi simpi mtoto hata kama ana makombe yamejaa ofisini.

Kingine ambacho kwa Uganda hatukisemi kwa sauti ni umri. Kila mtu anajua kuna vijana wanachezea timu za shule na umri wa kutengeneza. Kwenye mpira wa miguu hiyo ni wizi wa ushindi basi, lakini kwenye raga ni hatari ya mwili, mtoto wa miaka kumi na tatu anakabwa na mtu mzima mwenye ndevu. Hata bila udanganyifu, watoto wa darasa moja hawakui sawa, mmoja ameshakuwa mwanaume mwingine bado ni katoto. Mwulize kocha kama anawapanga kwa uzito na ukubwa mazoezini. Na wadogo kabisa waanze na raga ya kunyang'anyana vitambaa kiunoni, wanajifunza kukimbia na kupasi, hakuna mtu anaangushwa.

Ndondi ni mambo mengine. Mimi naipenda, na sisi Waganda tuna historia nayo, Mukwanga na Rwabwogo walituletea medali kutoka Mexico mwaka 1968, Mugabi akaleta ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980. Lakini kwenye raga kichwa kinagongwa kwa ajali, kwenye ndondi ngumi ya kichwani inakupa pointi. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapinga ndondi kwa watoto, na kwa hoja hiyo mimi siwezi kubishana nao. Ile kofia ya ndondi inasaidia mtu asichanike, lakini kutikisika kwa ubongo haizuii, na ya raga vile vile. Na kuna ngumi ndogo ndogo za kila siku mazoezini ambazo hakuna anayezihesabu. Yule daktari Mnigeria, Bennet Omalu, alikuta ugonjwa wa ubongo uliosababishwa na kugongwa miaka na miaka alipopasua maiti ya mchezaji wa futiboli ya Marekani, Mike Webster, aliyekufa mwaka 2002. Kwa hiyo mpwa wangu tulikubaliana na mama yake: kuruka kamba, kupiga mfuko, kukimbia, kazi ya miguu, sawa kila siku, kupigana na mwenzake ulingoni bado kwanza mpaka akomae. Kocha wake alikubali bila kununa na hapo nikamheshimu sana. Na kumkaushia mtoto maji ili apunguze kilo, hiyo kataa kabisa.

Kwa nini basi nisimkataze tu? Kwa sababu nimeona kinachopatikana. Huyo mpwa kabla ya ndondi alikuwa anashinda kwenye mashine za kamari na vijana wa mirungi, saa hizi saa kumi na moja asubuhi yuko barabarani anakimbia. Mwanangu alikuwa haongei mbele za watu, leo anapanga wenzake kwa sauti. Shule za sekondari zinatoa basari kwa wachezaji wazuri na kuna familia hapa mtaani mtoto amesoma kwa sababu hiyo tu. Na banange, mtoto anayekaa nyumbani akipanda boda bila helmeti kila siku naye yuko kwenye hatari, ila hiyo tumeizoea.

Kabla ya kusaini fomu, nenda mazoezini bila kutangaza, ukae. Angalia kama wanafundishwa kumkaba mtu chini ya mabega kichwa kikiwa pembeni, kama kuna boksi la huduma ya kwanza, kama kuna anayejua hospitali ni ipi na nani ana usafiri. Nunua kinga ya meno. Kama ana selimundu, daktari aseme kwanza. Na mwambie mtoto mwenyewe, na kocha akisikia, kwamba akigongwa kichwa akatoka nje, nyumbani hakuna atakayemlaumu.