Charmed msimu wa kwanza: maswali yenu kuhusu wale dada watatu

Leo najibu maswali ya Charmed tu, tamthilia ya wachawi iliyoanza Marekani tarehe 7 Oktoba 1998 kwenye chaneli ya The WB. Na nabaki kwenye msimu wa kwanza maana ndo mmeuuliza sana. Anayetaka kuangalia bila kujua kinachotokea mwishoni, swali la Andy na lile la mwisho kabisa ayaruke.

Nimeambiwa niruke msimu wa kwanza nianze na wa pili, eti wa kwanza unaboa. Ni kweli?

Usiruke ndugu yangu, nakuomba. Ni kweli una episodi 22 na nyingi zinakwenda mwendo uleule, pepo anaibuka, dada wanafungua kitabu, wananuiza, pepo anateketea, kesho kila mtu kazini kwake. Lakini ile episodi ya kwanza, ambayo usiku ule ilitazamwa na watu kama milioni 7.7, rekodi kwa chaneli ile, imebeba kila kitu. Bibi aliyewalea amefariki miezi sita nyuma, Phoebe mdogo wa mwisho anarudi San Francisco akitokea New York hana hela hana kazi, Prue dada mkubwa hataki hata kumwona, na Piper wa katikati alijua siku zote kwamba mdogo wao anarudi ila akaogopa kusema. Usiku huohuo Phoebe anapanda darini anakuta Kitabu cha Vivuli, anasoma yale maneno kwa sauti, basi tena, nguvu zimeamka.

Sasa angalia zinavyowatokea, hapo ndo napapenda kuliko popote. Prue, bosi wake ambaye pia alikuwa mchumba wake kamnyang'anya kazi aliyoihangaikia, anatoka ofisini amefura, huku nyuma kalamu inamlipukia bosi wino na tai inaanza kumkaba. Piper yuko kwenye majaribio ya kazi ya upishi, mpishi mkuu anataka kuonja na chakula bado hajakiwekea mvinyo, anapaniki, anarusha mikono juu na yule jamaa anaganda palepale chakula kikiwa karibu na mdomo, Piper anatumbukiza mvinyo wake haraka haraka muda ukiwa umesimama. Na Phoebe, yule ambaye nyumbani wanamwona hajui hata kesho yake itakuwaje, ndo anapewa kuona yajayo, anaona vijana wawili wanagongwa na gari kabla halijatokea, anakimbilia kuwaokoa na anaishia hospitali yeye. Mwenye hasira anasukuma vitu bila kuvigusa, mwenye wasiwasi anasimamisha muda, asiye na mwelekeo anaona mbele. Constance M. Burge aliyeibuni hii tamthilia alianza na watu kwanza ndo akaja kwenye uchawi, na ukianzia msimu wa pili hiyo raha hutaipata, utaona wadada wanarusha mikono tu.

Kuna video inazunguka Phoebe ni mtu mwingine kabisa, imetengenezwa?

Hapana, ni ya kweli. Ni episodi ya majaribio ambayo haikurushwa hewani, Phoebe alikuwa Lori Rom. Akajitoa, akaletwa Alyssa Milano na sehemu zake zikarekodiwa upya. Shannen Doherty (Prue) na Holly Marie Combs (Piper) walikuwepo tangu mwanzo.

Mbona Prue ni mkali hivyo kwa Phoebe? Mi namchukia kabisa.

Dah, usimchukie, mpe nafasi. Mama yao alikufa majini wao wakiwa wadogo, baba alishaondoka, bibi ndo akawalea, na Prue kwa sababu ni mkubwa akajikuta mama kabla hajamaliza kuwa mtoto. Juu ya hapo kuna ile habari ya mchumba, Prue aliaminishwa kwamba Phoebe alimtaka yule jamaa, Phoebe anakataa katakata, na wakaishi na hilo donge bila kulizungumza. Mtu wa hivyo hawezi kusema nakupenda kirahisi. Sasa fika episodi ya 13, ya Barbas pepo wa hofu, anayekuja mara moja kila miaka 1300 siku ya Ijumaa tarehe 13 na anawaua wachawi 13 kwa kutumia kile wanachokiogopa zaidi. Hofu ya Prue ni kuzama, kama mama yake. Maji yanajaa, na kinachomtoa siyo kunuiza wala kitabu, ni upendo, halafu baada ya hapo ndo anaweza kumwambia Phoebe lile neno ambalo halikuwa linamtoka. Mi hiyo nimeirudia mara nyingi na bado koo linabana. Angalia hiyo afu uniambie kama bado unamchukia.

Ile nyumba nzuri ipo San Francisco? Nataka kupiga picha.

Kwenye hadithi ndiyo, ila nyumba yenyewe ipo Los Angeles, mtaa wa Carroll Avenue, Angelino Heights. Ndani unakokuona ni studio.

Kama wana nguvu zote hizo kwa nini wanahangaika na bili? Si wajinuizie hela?

Kuna sheria, uchawi wao hautakiwi kutumika kwa faida yako mwenyewe, na ukijaribu unakurudi. Msimu huu wanajaribu mara kadhaa na kila mara wanajuta. Piper na Phoebe wananuiza wapate wanaume, wanakuja wengi mpaka inakuwa kero, ikabidi watengue. Hiyo inachekesha. Ila ya Prue inauma, ananuiza ili watu wamwambie ukweli, kwa sababu anataka kujua Andy yule askari mpenzi wake atamchukuliaje akijua yeye ni mchawi, anamwambia, na jibu ni kwamba jamaa hawezi kuishi maisha ya namna hiyo. Muda wa uchawi unaisha, Andy anasahau kila kitu na Prue anabaki nalo peke yake. Kwangu hapo ndo waandishi walifanya kazi kubwa kuliko kwenye pepo yeyote, kwa sababu adhabu ya kuvunja sheria siyo radi wala moto, ni kujua jambo ambalo mwenzio hakumbuki alilisema.

Kumuua Andy kulikuwa na ulazima gani? Sijawasamehe mpaka leo.

Nakuelewa, hata mi iliniuma. Lakini kumbuka alipofikia. Kesi zake zinabaki bila majibu, wakubwa wanaanza kumchunguza, angeweza kuwataja wale dada akajisafisha, na akakaa kimya. Yule aliyesema hawezi maisha hayo akaishia kuyabeba. Halafu episodi ya mwisho inarudia siku ileile, pepo anayeitwa Tempus anarudisha muda nyuma kila mpango wa kuwaua dada wote watatu ukishindikana, ili pepo mwenzake anayetumwa kuwaua ajaribu tena akiwa anajua makosa yake, na Phoebe peke yake anahisi kwamba haya mbona kama yalishatokea. Ili kumshinda Tempus lazima wavunje ule mzunguko, na wakiuvunja, kilichotokea siku hiyo kinabaki kimetokea. Na kwenye duru hiyo ya mwisho aliyekufa ni Andy. Kwa hiyo Prue hakumpoteza tu, ilibidi akubali kutomrudisha na njia ya kumrudisha ilikuwepo. Angebaki hai msimu ungeisha vizuri kwa macho, ila sidhani kama tungekuwa tunauongelea.

Prue yupo mpaka mwisho wa tamthilia?

Hapana. Ilikwenda misimu 8 mpaka Mei 2006, lakini Shannen Doherty aliondoka baada ya wa tatu, na Julai 2024 akafariki kwa saratani. Tangu hapo nikirudia msimu wa kwanza kuna sehemu nasimamisha. Mwisho wa ile episodi ya kwanza dada zake wanaingia ndani, Prue anabaki nyuma kidogo, anautazama mlango na unajifunga wenyewe bila yeye kuugusa.