Mipaka ya maeneo bunge: maswali yenu

*Sisi Lamu tunaambiwa tutapoteza eneo bunge moja. Ni kweli au ni maneno ya siasa? (Msomaji, Mokowe)*

Si maneno matupu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini Kenya. Wagawe kwa maeneo bunge 290 utapata wastani wa watu 164,014 hivi. Kifungu cha 89 cha Katiba kinaruhusu eneo bunge lizidi au lipungue wastani huo kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na kwenye maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kaunti nzima ya Lamu ilikuwa na watu 143,920. Hata mkipewa nafuu yote ya asilimia 40, maeneo bunge mawili yanahitaji zaidi ya watu 196,000.

Mwaka 2012 mliponea kwa sababu Katiba iliweka sharti la mpito: mapitio ya kwanza ya mipaka yasifute eneo bunge lolote lililokuwepo. Sharti hilo lilikuwa la mara moja tu, na halipo tena.

Ila msikate tamaa. Kifungu hicho hicho cha 89 kinaitaka tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC) iangalie jiografia, njia za mawasiliano na mafungamano ya jamii, na kinasema usawa wa idadi ufikiwe hatua kwa hatua. Mtu wa Faza hafiki Mpeketoni bila kupanda boti kwanza. Hiyo ndiyo hoja ya kwenda nayo kwenye vikao vya maoni. Ukienda kusema "sisi ni wachache, tuhurumiwe", watakusikiliza kwa adabu na kuendelea na hesabu yao.

*Kwa nini wabunge wasichore mipaka wenyewe? Wao ndio wanaojua wananchi wao. (Kitale)*

Wanawajua mno, na hapo ndipo penye tatizo. Mbunge anajua kijiji kipi kilimnyima kura, na akipewa kalamu atakisukuma ng'ambo ya mto. Tena eneo bunge jipya halileti kiti peke yake, linakuja na mgao wake wa CDF, hazina ya maendeleo ya eneo bunge. Mswada wa BBI, uliokusudia kubadilisha Katiba, ulitaka kuongeza maeneo bunge 70, na ukaja na jedwali lililokwisha kuandika kaunti ipi ipate mangapi. Machi 2022 Mahakama ya Juu ililikataa jedwali hilo kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa.

Sheria za uchaguzi, hata hivyo, bado hutungwa na Bunge, na sioni nani mwingine angezitunga. Kinachoniudhi ni wakati. Mwaka 2017, baada ya mahakama kufuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba, walio wengi bungeni walipitisha mswada wa kubadilisha sheria ya uchaguzi kabla ya marudio ya Oktoba kufanyika. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilifuta sehemu kadhaa za mabadiliko hayo.

*Makataa ya mapitio yalipita Machi 2024. Nani alaumiwe? (Msomaji, Nakuru)*

Mapitio ya mwisho yalikamilika Machi 2012, na Katiba inataka mengine kati ya mwaka wa 8 na wa 12. Hesabu yako ni sahihi. Lakini tangu Januari 2023, mwenyekiti Wafula Chebukati na wenzake walipomaliza muda wao, IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja kazini hadi mwenyekiti mpya Erastus Ethekon na makamishna sita walipoapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu viti vitupu! Serikali na upinzani waliifanya tume kuwa kitu cha kujadiliana mezani, kisha kesi zikaongeza ucheleweshaji. Mimi nawalaumu wote wawili, maana hakuna upande ulioumia viti vikiwa vitupu. Aliyeumia ni mkazi wa eneo bunge lililofurika watu, ambaye kura yake ina uzito mdogo kuliko ya jirani.

Na kumbuka: mapitio yakikamilika ikiwa imebaki chini ya miezi 12 kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, mipaka mipya haitatumika katika uchaguzi huo.

*Huku Tanzania tume iliongeza majimbo manane mwaka 2025. Tofauti yetu na ninyi ni ipi? (Msomaji, Tanga)*

Ninyi mlitoka majimbo 264 mkafika 272. Sisi idadi ya 290 imeandikwa kwenye Katiba. Tume inasogeza mipaka tu, haiongezi. Tofauti kubwa zaidi ni kwamba Ibara ya 75 ya Katiba yenu inaitaka tume ipate kwanza kibali cha Rais, ambaye pia ndiye anayewateua wajumbe wake. Huku Rais anateua pia, lakini baada ya jopo la uteuzi kuwahoji waombaji, na Bunge lazima liidhinishe. Si kinga kamili, kama nilivyomjibu wa Nakuru. Lakini mipaka ikishachorwa, haipelekwi Ikulu kuombewa kibali.

*Nikiona mpaka umechorwa vibaya, niende wapi?*

Mahakama Kuu, ndani ya siku 30 tangu mpaka uchapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya miezi mitatu. Siku hizo 30 hazingoji mkutano wa wazee, kwa hiyo tafuteni wakili mapema.