Marafiki watatu, mfuko mmoja: safari ya kwanza ya Harar

SWALI

Shikamoo, Shangazi. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkaazi wa mtaa wa Langoni mjini Lamu. Pamoja na marafiki zangu wawili niliosoma nao tangu chuoni kwa mwalimu wetu wa Kurani, nimeazimia kusafiri nje ya Kenya kwa mara ya kwanza, kila mmoja wetu na begi lake mgongoni. Tumeichagua Ethiopia kwa sababu tumesikia mengi kuhusu mji wa Harar. Tumefikiria mwezi wa Julai, wakati kusi imeshika na wageni ni wachache, kwa kuwa mwenzetu mmoja ni baharia wa mashua za watalii na wakati huo hana kazi nyingi. Wa pili ni mwalimu mwenye mshahara. Mimi bado natafuta kazi na akiba yangu ni ndogo. Mwalimu amesema atanilipia kila nitakapopungukiwa, tuje kuhesabiana tukirudi. Jambo hilo linanikera moyoni, ingawa sijamwambia. Mama naye haafiki, anasema tunakwenda katika nchi ambayo hatujui lugha yake wala hatumjui mtu. Je, safari hii inafaa, na tujipange vipi ili turudi tukiwa bado marafiki?

Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU

Marahaba, mwanangu. Safari inafaa, lakini nitaanza na lile ulilomficha mwenzako, kwa sababu hilo linaweza kuwavurugia mambo kuliko lugha na njia.

Rafiki yako ana nia njema, wala simlaumu. Hata hivyo, ahadi ya kulipia kila utakapopungukiwa haina kipimo, na deni lisilo na kipimo huwa zito zaidi kwa anayedaiwa kuliko kwa anayedai. Kila mtakapoketi kula, wewe utatazama bei kabla ya chakula. Naye, bila kukusudia, ataanza kuwa ndiye mwenye kauli kuhusu mlale wapi na mpande chombo gani, maana fedha ni zake. Kaeni watatu kabla ya kukata tiketi yoyote, kila mmoja ataje kiasi anachoweza kutoa bila kuulizwa maswali, na kiasi cha mwenye kidogo ndicho kiwe kipimo cha nauli, malazi na chakula kwa safari nzima. Mwenye uwezo akitamani usiku mmoja katika hoteli nzuri zaidi, atoe ile nyongeza kwa ajili ya wote watatu na aseme wazi kwamba ni zawadi. Ikiwa lazima akukopeshe, akukopeshe mkiwa bado Lamu, kiasi maalumu chenye tarehe ya kulipwa. Njiani pasizaliwe deni.

Baada ya hapo wekeni mfuko wa pamoja, kila mmoja atie sawa na mwenzake, na anayeushika abadilike kila baada ya siku tatu ili asiwepo mmoja anayegeuka kuwa mweka hazina wa kuombwa. Kila usiku, hata mkiwa mmechoka namna gani, matumizi ya siku yaandikwe katika daftari mbele ya wote: chai, basi, chumba, maji ya kunywa. Mfuko ukipungua, mtie tena kwa usawa. Pasipoti haziingii katika ushirika huo. Kila mtu abebe yake mwilini mwake, na nakala yake ikae katika begi la mwenzake.

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na bado sikushauri mmteue mmoja kuwa mkubwa wa safari nzima, kwa sababu ninyi ni rika moja. Gawaneni kazi: baharia aamue mambo ya usafiri, mwalimu atafute malazi, nawe ushughulikie hati na maneno machache ya lugha ya huko, na kila mmoja awe na kauli ya mwisho katika lake. Kubalianeni pia kwamba mtu anaweza kujitenga kwa siku moja bila kuhesabiwa kuwa amenuna, mradi saa na mahali pa kukutana jioni pajulikane. Lililo kubwa zaidi, wekeni ahadi sasa kwamba mmoja akiugua hata akalazimika kurudi, hatarudi peke yake. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukivunjika kwa jambo hili moja, kwa sababu halikuzungumzwa mapema na kila mtu alidhani mwenzake anafikiri kama yeye.

Mwezi wa Julai nisingeuchagua. Mvua kubwa katika nyanda za juu za Ethiopia hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba, na Addis Ababa, iliyo zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, huwa na baridi ambayo kijana aliyekulia Lamu hajawahi kuionja. Hata mvua ikiwa haipo, mtu anayetoka ufukoni huweza kutweta na kuumwa kichwa akifika huko juu, kwa hiyo siku ya kwanza mtembee polepole na mnywe maji mengi. Oktoba ingewafaa zaidi: kule mvua imekwisha, na huku msimu mkubwa wa wageni wa Desemba haujafika, hivyo baharia wenu hatapoteza kazi nyingi.

Kuhusu hati, Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, lakini pasipoti yake iwe na angalau miezi sita kabla ya kuisha. Msisahau chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 hudumu maisha yote, kwa hivyo msichanjwe siku moja kabla ya kuondoka.

Njia ya bei nafuu ni basi hadi Moyale, mji wa mpakani, na kuendelea kwa mabasi ya upande wa pili, lakini kwa safari ya kwanza ningependelea mjinyime mengine mruke kutoka Nairobi hadi Addis Ababa. Kutoka hapo iko reli mpya ya kuelekea Djibouti, iliyoanza kubeba abiria kibiashara mwaka 2018, nayo hupita mji wa Dire Dawa. Harar iko kilomita zipatazo 50 tu kutoka hapo. Dire Dawa iko chini, kuna joto na malaria ipo, kwa hivyo laleni ndani ya chandarua. Lalibela na Gondar ziacheni kwa safari hii, hata kama picha zake zinawavuta, kwa kuwa ziko katika eneo la Amhara ambako mapigano yalizuka mwaka 2023. Kabla ya kila hatua ya safari, waulizeni wenyeji wa mahali mlipo kuhusu hali ya barabara iliyo mbele yenu.

Jambo moja litawafurahisha. Waethiopia huhesabu saa kama sisi, jua likichomoza ni saa kumi na mbili na baada yake huja saa moja, na majira yao ni yale yale ya Kenya. Hatari ni kwamba tiketi ya ndege hufuata hesabu ya kimataifa ilhali utingo wa basi hufuata hesabu ya kienyeji, kwa hiyo mkiambiwa saa mbili ulizeni ni kwa hesabu ipi, na kama ni ya mchana au ya usiku. Tarehe nazo zichungeni: kalenda yao ina miezi 13, na mwaka wao uko nyuma ya huu wetu kwa miaka 7 au 8, hata msomaji wa risiti akadhani amepewa karatasi ya zamani.

Kuhusu chakula, kwa desturi Waislamu na Wakristo wa Othodoksi wa huko hawali nyama iliyochinjwa na upande mwingine, basi ulizeni aliyechinja bila haya, hakuna atakayekasirika. Siku za Jumatano na Ijumaa Wakristo hao hufunga nyama na maziwa, na mikahawa mingi hupika mboga na shiro, mchuzi mzito wa unga wa dengu unaoliwa kwa injera, mkate wao mpana na laini. Chakula hicho ni rahisi, hushibisha, na kitawaondolea shaka.

Nimefurahi kwamba vijana wa Lamu wamechagua Harar. Mji wenu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na Harar ukafuata mwaka 2006, ukiwa na ukuta wake wa karne ya 16, vichochoro vyembamba na misikiti mingi ndani yake. Mkikaribishwa katika nyumba ya Kiharari, vueni viatu na msimame mngoje kuonyeshwa pa kukaa, kwa sababu yale majukwaa ya kukalia yaliyopanda ngazi kwa ngazi yana daraja zake, na mgeni hajichagulii. Tazameni kuta zake zilivyojaa vikapu na sahani. Mtakumbuka zidaka za nyumba za kwenu, yale matundu ya ukutani ya kuwekea vyombo.

Mama yako ana haki ya kuogopa, na neno la "usijali" halitamtuliza. Mwandikie karatasi yenye tarehe za safari, majina ya hoteli za siku za kwanza, nambari za simu za wazazi wote watatu na ya ubalozi wa Kenya ulioko Addis Ababa, pamoja na saa ambayo mmoja wenu atapiga simu kila jioni. Waombe wazazi wa wenzako wakutane naye waisome pamoja, nawe uwepo ujibu maswali yao. Kama kuna hoteli au njia wasiyoridhika nayo, ibadilisheni kabla ya kulipa chochote.